Binti wa kidato cha tatu Kigoma anaomba nafasi ya msafara wa elimu wa Antaktika: aandike nini, na tumwandae vipi?

Mlezi_wa_Klabu (Kigoma Mjini)

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu nyote.

Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule moja ya sekondari hapa Kigoma, na ndiye mlezi wa klabu ya mazingira shuleni kwetu. Katika klabu hiyo yuko binti wa kidato cha tatu aliyedhamiria kuomba nafasi katika msafara wa elimu wa kwenda Antaktika, yaani zile safari za meli zinazokusanya vijana wa mataifa mbalimbali pamoja na walimu na wanasayansi ili wajifunze habari za barafu, bahari na mabadiliko ya tabianchi wakiwa mahali penyewe. Waombaji ni wengi kuliko nafasi, na kila mmoja hutakiwa kueleza kwa maandishi kazi aliyokwisha kuifanya kwa ajili ya mazingira ya kwao, sababu ya kutaka kwenda, na atakachokifanya akirudi.

Rasimu yake ya kwanza nimeisoma na sikuridhika nayo. Imejaa maneno ambayo kijana yeyote wa nchi yoyote angeweza kuyaandika: kwamba anaipenda dunia, kwamba joto linaongezeka, kwamba pengwini wamo hatarini. Haina Kigoma hata kidogo, ilhali binti mwenyewe ni mtoto wa mvuvi, ndiye anayesoma kipimamvua cha klabu kila asubuhi na kuandika kiasi cha mvua katika daftari, na ndiye aliyewaongoza wenzake kupanda miti na majani ya kuzuia korongo lililokuwa likiula uwanja wa shule. Baadhi ya wanaklabu wanamshauri aandike kwamba maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda na kufukuza watu mwambaoni kwa sababu barafu ya ncha za dunia inayeyuka. Nimemwambia asubiri, kwa kuwa ningependa alisikie jambo hilo kutoka kwa watu waliolichunguza ziwa.

Naomba ushauri kwa aliyewahi kushiriki safari za namna hii, kwa anayelifahamu ziwa, na kwa mzazi. Baba yake hajakataa wala hajakubali. Bibi yake amekataa waziwazi.

Mtafiti_Mstaafu (Ujiji)

Mwalimu, nakupongeza, na binti umfikishie salamu zangu.

Nitaanza na hilo la kupanda kwa maji, maana likiingia katika barua kama wenzake wanavyotaka, msomaji wa kwanza mwenye elimu ya tabianchi ataiweka barua hiyo kando. Ziwa letu liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari. Barafu ya nchi kavu ikiyeyuka Greenland au Antaktika, maji yake huingia baharini na kuinua kina cha bahari, na watakaoyaona ni watu wa Pangani na Bagamoyo, wala hayana njia ya kupanda hadi Ujiji. Ziwa lilijaa kwa mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa 2019, mwaka ambao maji ya upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi yalikuwa na joto lisilo la kawaida. Kwa kuwa Tanganyika lina mto mmoja tu wa kutolea maji, nao ni Lukuga upande wa Kongo, na kwa kuwa sehemu kubwa ya maji yake huondoka kwa kuvukizwa na jua, mvua zikizidi kwa miaka kadhaa mfululizo ziwa hutanuka likaingia katika nyumba na vichanja vya dagaa vya watu wa mwambao.

Uhusiano wa kweli kati ya barafu na ziwa ni joto, na hapo binti ana jambo la kusema ambalo mwombaji wa mji mkubwa wa Ulaya hawezi kulisema. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, likizidiwa na Baikal peke yake. Chini ya mita mia mbili hivi maji hayana oksijeni, lakini yana hazina ya virutubisho vilivyozama kwa maelfu ya miaka. Upepo wa kusi unapovuma kuanzia Mei hadi Septemba, husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na yale ya chini yakapata nafasi ya kupanda, hasa upande wa kusini, yakileta chakula cha mwani. Mwani huliwa na viumbe vidogo sana, viumbe hao huliwa na dagaa, na dagaa huliwa na migebuka. Tofauti ya joto kati ya maji ya juu na ya chini ni nyuzi chache tu, lakini kadiri maji ya juu yanavyozidi kupata joto ndivyo yanavyokuwa mepesi na kugoma kuchanganyika na ya chini. Mwaka 2003 makundi mawili ya watafiti yalichapisha matokeo kuhusu jambo hili, na moja lilikadiria kwamba uzalishaji wa mwani ulikuwa umepungua kwa asilimia 20 hivi. Wapo wataalamu waliosema kwamba wingi wa nyavu nao una sehemu kubwa ya lawama katika kupungua kwa samaki, na mimi ninaona mambo yote mawili yapo. Ndiyo maana serikali za nchi zinazolizunguka ziwa zilifikia hatua ya kusimamisha uvuvi, na sisi Tanzania tulisimama kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024. Binti wa mvuvi anaijua miezi ile mitatu kwa namna ya chakula kilichokuwa mezani kwao, na hilo aliandike bila kulitia chumvi.

Jambo lingine analopaswa kulifahamu ni namna wanasayansi wanavyosoma zamani. Huko Antaktika hutoboa barafu na kutoa nguzo ndefu ya matabaka yaliyolala mwaka juu ya mwaka. Nguzo iliyotolewa mahali panapoitwa Dome C ina kumbukumbu ya hewa ya miaka 800,000. Hapa kwetu watafiti hufanya hivyohivyo kwa tope la sakafu ya ziwa, na lile kadirio la 2003 lilitokana na tope hilo. Hata kofia ya barafu ya Kilimanjaro ilitobolewa mwaka 2000 kwa kazi kama hiyo, na leo sehemu kubwa ya barafu iliyopimwa pale mwaka 1912 imekwisha kutoweka. Mtoto anayeweza kueleza kwamba anataka kuiona barafu ikisomwa kwa sababu ziwa la kwao nalo linasomwa vivyo hivyo atakuwa na sababu ya kwenda inayotoka kwake mwenyewe.

Mwisho, daftari la mvua lisiachwe, na liongezewe kipimo cha ziwa. Sahani ya Secchi ni kifaa kinachotengenezeka shuleni: bamba la duara la sentimita 20 lililopakwa rangi nyeupe na nyeusi kwa robo, likafungwa kamba yenye alama za mita. Hushushwa majini hadi lisionekane, na kina hicho huandikwa pamoja na joto la maji, saa na hali ya upepo. Pahali pawe pale pale, saa iwe ile ile, uongozi wa BMU, yaani kikundi cha kusimamia uvuvi, wa mwalo uarifiwe, na kila mtoto avae jaketi la kuokolea. Thamani ya takwimu za namna hii hutokana na kutokatizwa. Hifadhi ya Gombe, iliyo jirani yetu, ilipata heshima yake duniani kwa sababu kuanzia Julai 1960, mtafiti wa sokwe Jane Goodall alipofika, hadi leo watu wameendelea kuandika siku baada ya siku walichokiona kwa sokwe, na wengi wa waandishi hao ni watu wa vijiji vya hapahapa.

Mvuka_Drake (Dar es Salaam, mzaliwa wa Kasulu)

Shikamoo mzee Mtafiti. Na wewe Mwalimu, pole na kazi.

Nilipokuwa chuo kikuu nilipata nafasi katika safari ya elimu ya Rasi ya Antaktika, kwa hiyo nitaeleza ninayoyajua. Safari hizi haziendeshwi na chombo kimoja. Wapo Students on Ice wa Kanada, walioanza mwaka 2000 na ambao kazi yao kubwa siku hizi iko upande wa Aktiki, yaani ncha ya kaskazini. Yupo Robert Swan, mtu wa kwanza kutembea kwa miguu hadi ncha zote mbili za dunia, ambaye taasisi yake iitwayo 2041 hupeleka vijana na watu wazima Antaktika. Na ipo British Exploring Society ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1932 na daktari aliyekuwa katika msafara wa mwisho wa Antaktika wa Kapteni Scott, mvumbuzi Mwingereza. Kila chombo kina masharti yake ya umri na ya fedha. Wengine hutoa udhamini kwa baadhi ya vijana, na wengine humtaka aliyechaguliwa achangishe gharama, ambazo huwa maelfu ya dola. Someni masharti kutoka kwa waandaaji wenyewe, na mtu yeyote atakayewaomba fedha ya "kuharakisha nafasi" mwepukeni, hata kama ana barua yenye mhuri.

Katika usaili wangu hawakuniuliza kama naipenda dunia. Waliniuliza nilichokifanya, nani walifanya nami, kilichoshindikana na sababu yake, na nani atanisikiliza nikirudi. Nilieleza habari za kitalu cha miche tulichokuwa nacho Kasulu, jinsi mbuzi walivyokimaliza, na jinsi tulivyokubaliana na wenye mbuzi kabla ya kupanda tena. Mazungumzo yalikaa hapo kwa muda mrefu kuliko pengine popote. Kwa hiyo lile korongo la uwanja wa shule lisiachwe katika mstari mmoja. Binti aeleze maji yalikuwa yakitoka wapi, walipanda nini, kipi kilishika na kipi kilisombwa.

Ni vizuri pia ajue mapema kwamba safari yenyewe ni ya kazi. Meli nyingi huondoka Ushuaia, mji wa kusini kabisa wa Argentina, na huchukua siku mbili hivi kuvuka mlango wa bahari wa Drake, ambao mawimbi yake huwalaza kitandani hata watu waliokulia baharini. Kabla ya kushuka tulikaguliwa viatu, mifuko na mikunjo ya nguo ili tusipeleke mbegu wala udongo wa kwetu; tulisugua soli kwa brashi na kuzitia dawa kila tuliposhuka na kila tuliporudi. Hawaruhusiwi watu zaidi ya 100 kuwa nchi kavu mahali pamoja kwa wakati mmoja, na pengwini hukaribiwa mwisho mita tano, ingawa pengwini mwenyewe hana habari na sheria hiyo na huja hadi miguuni. Jioni ni masomo na majadiliano. Mimi kilichonigusa kuliko vyote ni kuona sheria ikitiiwa mahali pasipo na polisi wala wenyeji, na tangu siku hiyo sikubali kuambiwa kwamba taratibu za kulinda mazalia ya samaki ziwani haziwezekani.

Binti asome basi Mkataba wa Antaktika, uliotiwa saini na nchi 12 mwaka 1959, Afrika Kusini ikiwa mojawapo, na ule wa nyongeza uliosainiwa Madrid mwaka 1991, unaopiga marufuku uchimbaji wa madini katika bara lote. Kuanzia mwaka 2048 nchi yenye haki ya kura inaweza kuomba mkataba huo wa pili upitiwe upya. Aliye kidato cha tatu leo atakuwa na umri wa kuongoza wizara wakati huo.

Kuhusu ratiba, misafara ya kusini hufanyika kati ya Novemba na Machi, na ya Aktiki Julai na Agosti. Mtihani wa kidato cha nne ni Novemba. Atakayechaguliwa kwa msimu huo ajue kabisa kwamba mtihani hauahirishwi, kwa hiyo kidato cha tatu, au baada ya kumaliza cha nne, ndio wakati wake. Cheti cha kuzaliwa kianze kutafutwa sasa, maana pasi ya kusafiria haianzi bila hicho, na akiwa chini ya miaka 18 ridhaa ya wazazi itahitajika karibu kila hatua.

Mama_wa_Kibirizi

Mwalimu, mimi ninaanika na kuuza dagaa Kibirizi, nami nina mabinti.

Usimhesabu bibi kuwa ni adui wa elimu. Anayoyafikiria anayajua: mtoto atalala chumba kimoja na nani, atashikiwa pasi yake na nani, akiugua katikati ya bahari ataletwa na nani, na akirudi watu watasema nini juu yake. Maswali hayo yana majibu, kwa hiyo yapelekwe kwa waandaaji kwa maandishi, na majibu yasomwe mbele ya familia. Usiwaite wazazi shuleni ukawakalisha kwenye benchi la ofisi. Nenda nyumbani na mwalimu mmoja wa kike, ukae, usikilize kwanza, na bibi azungumze kabla ya baba. Baba aliyenyamaza, mara nyingi anamsubiri mama yake.

Na hilo la ziwa, mzee Mtafiti amelieleza vizuri, ila napenda binti aje pia kwetu wanawake wa vichanjani. Wavuvi wa karabai hutoka wakati wa giza, mbalamwezi ikiwa kubwa hupumzika, kwa hiyo sisi tunahesabu mavuno kwa kila giza la mwezi. Tunajua ni giza lipi lilileta dagaa wakubwa na lipi lilileta vumbi tupu, na tunajua mvua zinapokuja wakati usio wake dagaa huoza kichanjani kabla ya kukauka. Hakuna aliyewahi kuja na daftari kutuuliza. Akija yeye, nitawakusanya wenzangu.

Mpanda_Miti_Uvinza

Ndugu zangu, nimesoma kwa makini na sina ubaya na binti, lakini naomba niseme kinachonisumbua. Gharama ya kumpeleka mtoto mmoja Antaktika ingeendesha vitalu vya miche katika vijiji vingi vya huku, wakati misitu ya Masito na Ugalla inachomwa kila kiangazi, na sokwe walioko nje ya hifadhi wanakosa pa kupita. Tena ndege na meli hizo huchoma mafuta, na moshi wake ni ule ule unaoyeyusha barafu wanayokwenda kuisikitikia. Kwa nini asipelekwe Gombe au Mahale, ambako wanafunzi wengi wa mkoa huu hawajafika?

Mvuka_Drake (Dar es Salaam)

Kaka, hoja ya mafuta ni ya kweli, na siwezi kukuambia kwamba safari yangu haikuchafua hewa. Hoja ya fedha inanipa taabu kidogo, kwa sababu mfadhili anayelipia nafasi ya msafara kwa kawaida hana mpango wa kutupatia fedha hiyo kwa ajili ya vitalu vya Uvinza. Binti akikataa, nafasi itakwenda kwa kijana wa nchi nyingine, na meli itaondoka vilevile. Katika kundi letu tulikuwa Waafrika wachache sana, na kila mjadala wa tabianchi ulipofika kwenye ukame na mafuriko, waliokuwa wakieleza habari za Afrika ni watu waliozisoma tu.

Hilo la Gombe nakubaliana nalo moja kwa moja. Aende Gombe kwanza, na ikiwezekana klabu nzima iende. Roots & Shoots, mpango wa vijana wa kutunza mazingira, ilianzia Tanzania mwaka 1991 kwa wanafunzi 12 waliokutana na Jane Goodall Dar es Salaam, na leo imeenea nchi nyingi; klabu yenu ikijiunga nayo itapata watu wa kuishauri walioko Kigoma hapohapo.

Mlezi_wa_Klabu (Kigoma Mjini)

Nawashukuru sana. Nimemsomea binti majibu yote, pamoja na la ndugu yetu wa Uvinza, na amesema analichukua hilo kama swali ambalo lazima alijibu ndani ya barua yenyewe asije akaulizwa akakosa la kusema. Sentensi ya kupanda kwa maji ameifuta. Rasimu mpya inaanza hivi, nami sikugusa neno: "Baba yangu huvua dagaa usiku katika ziwa ambalo maji yake ya juu yanapata joto na kukataa kuchanganyika na maji ya chini, na mimi hupima mvua asubuhi; ninataka kujifunza kwa watu wanaopima barafu, ili vipimo vyangu viwe na manufaa kwa baba na kwa wanawake wanaoanika samaki wake."

Nyumbani nitakwenda Jumapili na mwalimu wa baiolojia, ambaye ni mama. Bamba la Secchi fundi wa karakana ameahidi kulikata wiki hii. Mzee Mtafiti, naomba unisaidie jambo moja: kamba ya kawaida ya katani hurefuka ikilowa, je, alama za mita zitakuwa za kweli?

Mtafiti_Mstaafu (Ujiji)

Swali zuri, Mwalimu. Katani usiitumie. Chukueni kamba ya nailoni iliyosokotwa, isiyovutika, iloweni usiku kucha, kisha mtie alama ikiwa bado mbichi, kila nusu mita, na kila baada ya miezi michache muipime tena kwa futi. Fungeni jiwe au chuma chini ya bamba ili lishuke wima. Pimeni upande wa kivuli wa mtumbwi, na anayesoma awe mtu mmoja siku zote, au wawe wawili na kila mmoja aandike namba yake mwenyewe. Katika daftari mwaacheni binti aweke safu ya maelezo mbali na safu ya namba, aandike humo rangi ya maji, mvua ya usiku uliopita na kama mitumbwi ilitoka. Mimi niko nyumbani Jumamosi asubuhi; njooni na bamba, kamba na kipimajoto, tutakilinganisha na changu kabla hamjaanza kuandika chochote.